Lundo la Chupa na Posa Yangu

Chupa ya soda ikianguka nyuma yangu, nitakwambia bila kugeuka kama imekatika shingo au imepasuka kitako. Wenzangu wamesoma vitabu, mimi nimesoma chupa. Chuoni kwa mwalimu nilifika juzuu ya kwanza nikatoroka, skuli ya serikali niliiona kwa nje nilipopita na mzigo, na hizi herufi ninazoandika nilijifunza ukubwani kwenye magunia ya sukari, nikiwauliza makuli wenzangu hii inaitwaje na ile inaitwaje. Kwa hiyo atakayeona kosa katika maandishi haya na alisahihishe mwenyewe, mimi nina kazi.

Leo nikipita Kariakoo watu huniita bwana mkubwa wa soda, na sikatai. Vijana huniuliza nilivyopata mali. Hakuna anayeniuliza nilivyopata mke, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mali niliipata kwa miguu yangu. Mke nilikaribia kumkosa kwa mdomo wangu mwenyewe, katika juma moja, kwa sababu ya lundo la chupa tupu.

Nilifika Dar es Salaam kijana mwenye shuka moja, wakati Mwingereza amekwisha kubadilisha rupia kuwa shilingi na watu bado wanataja rupia. Kariakoo ilikuwa mchanga mtupu na mitaa iliyonyooka kama imepigwa rula, nyumba za udongo na makuti, na katikati lile jengo kubwa la soko lililoachwa na Mjerumani. Nikaanza kuvuta rikwama, mkokoteni wa mizigo. Nilivuta mbao, nilivuta chokaa, nilivuta kitanda na mgonjwa mwenyewe akiwa amelala juu yake. Katika wavutaji wote wa soko lile hakuna aliyenishinda, na ninaandika hivi bila haya kwa kuwa wengi wao wako hai na hakuna aliyekuja kubisha.

Kiwanda cha soda kilikuwa Gerezani, upande wa reli, chumba kimoja kirefu cha mabati. Mwenyewe alikuwa Mwarabu mzaliwa wa hapa hapa. Baba yake aliuza tende, yeye akanunua mashine kuukuu ya kutia hewa katika maji, yenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Mashine aliijua kama mtu anavyoujua mfuko wa kanzu yake. Asichokijua ni njia. Leo ana sukari hana ndimu. Kesho ana ndimu, mtungi wa hewa umekwisha na meli haijafika. Siku tatu katika juma gurudumu lilikaa kimya, wafanyakazi wakicheza bao kivulini, na mimi na rikwama yangu tukingoja mzigo ambao haupo. Siku moja nikamwambia, "Bwana, kiwanda chako kina mikono, miguu hakina. Nipe mimi niwe miguu."

Aliitazama miguu yangu, ambayo haikuwa na viatu, akacheka mpaka kofia ikasogea. Lakini alinipa.

Basi sikiliza nilichofanya. Ndimu nilizitafuta Buguruni kwa mtu mwenye shamba, tukaelewana ziletwe Jumatatu na Alhamisi kabla jua halijapanda, kwa sababu ndimu iliyopigwa na jua hutoa maji machache na uchungu mwingi. Tangawizi ilishuka kwa treni kutoka milima ya Morogoro, na mimi nilikuwa stesheni kabla treni haijapiga filimbi. Maranda ya kupakia chupa zisigongane niliyachukua kwa maseremala, nao wakanishukuru kwa kuwafagilia. Habari za meli nilizipata kabla ya wenye magazeti, kwa kuwa makuli wa bandarini tulikula sahani moja. Mtungi mmoja wa hewa wa akiba niliuweka chini ya kitanda changu, nikalala juu yake kama kuku anayeatamia. Mpaka leo wapo wanaosema ningelipuka. Sikulipuka, na gurudumu halikusimama tena, mpaka lile juma la posa.

Lakini siri ya soda si ndimu wala hewa. Siri ni chupa. Chupa zetu zilikuwa zile nene za rangi ya maji ya bahari, zenye gololi ya kioo shingoni. Hewa ya ndani huisukuma gololi juu ikaziba mdomo, na mnywaji huibonyeza kwa kijiti ikaanguka kwa mlio, soda ikapumua. Zilitoka mbali, zikabadilisha meli Bombei, zikifika nyingine ni vigae. Kiwanda kizima kilikuwa na makasha thelathini tu, kila kasha dazeni mbili. Chupa inayotoka leo lazima irudi keshokutwa, ioshwe, ijazwe, itoke tena. Sukari huisha. Chupa haiishi, hupotea. Anayenunua soda hanunui chupa, lakini nenda ukamweleze hivyo bibi wa Magomeni aliyekwisha kutia mafuta yake ya nazi ndani. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa kurudisha, si kupeleka. Kupeleka kila mtu anaweza, maana huko unakopeleka watakupokea kwa vigelegele. Kurudisha ndiko kunakotaka ulimi, na ulimi ninao.

Mtaa wa pili kutoka sokoni alikaa msichana na shangazi yake. Nilimwona mara ya kwanza akirudisha chupa. Ndiyo, alikuja mwenyewe mpaka kwenye rikwama, chupa nne, amezisuuza, amezipanga kwenye ungo, gololi zote zimo. Mwanamume mwingine angetazama macho. Mimi nilitazama ungo kwanza, macho baadaye, na vyote vilinifaa. Mwezi haukuisha nikapeleka posa.

Hapo lazima nieleze jambo. Wakati ule wanawake wa Kariakoo walikuwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama, na vikubwa vilikuwa viwili. Kwa kuwa sitaki ugomvi na mtu, nitaviita kwa rangi ya kanga zao, Wekundu na Manjano. Wekundu wakichinja mbuzi wawili, Manjano huchinja watatu. Manjano wakicheza siku mbili, Wekundu hucheza siku tatu na asubuhi ya nne. Hakuna aliyempiga mwenzake. Walishindana kwa pilau, kwa kanga na kwa maneno ya nyimbo, na mji ukashiba. Sasa, yule shangazi mtu, mwenye kumlea yule msichana, ndiye aliyekuwa mama mkuu wa Manjano.

Hakuikataa posa wala hakuikubali. Alinikalisha barazani, akanipa kahawa, akaniambia amesikia Wekundu wameagiza soda makasha ishirini kwa ngoma yao ya Ijumaa. Ngoma ya Manjano ilikuwa Alhamisi itakayofuata.

"Sisi tunataka ishirini na moja," akasema. "Zifike Alhamisi kabla ya adhuhuri, za tangawizi, baridi. Zikifika, Ijumaa njoo na wazee wako tuzungumze. Zisipofika, mwanangu, posa yako kaipeleke kwa Wekundu."

Nikamjibu, "Shangazi, zihesabu kama zimekwisha fika."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, nikajua ni nani. Nikaondoka nimefura kama mkate wa mofa, nikiwa sijafikiri hata kidogo kwamba makasha ishirini na ishirini na moja ni arobaini na moja, na kiwanda kina thelathini. Lakini hilo halikuwa kosa. Chupa za Wekundu zingerudi Jumamosi, zingeoshwa Jumapili na Jumatatu, na Jumatano zingekuwa zimejaa tena. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote. Kosa lilikuja Ijumaa.

Ijumaa ile nilipeleka makasha yote ishirini kwa safari nne, barafu juu yake imefunikwa magunia. Joto lilikuwa la kuyeyusha nta. Gololi zikaanza kulia pa, pa, pa, watu wakinywa wamesimama, na mama mkuu wa Wekundu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita kivuko kilichoko ng'ambo, akanisifu mbele ya wageni kwamba katika mji huu mwanamume ni mimi. Nami nikisifiwa siwezi kunyamaza, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia jambo ambalo hakuniuliza. Nikamwambia chupa tupu zisitupwe uani. Zipangwe hapa mbele ya baraza, lundo moja, ili kila apitaye aone Wekundu wamekunywa kiasi gani. Kichwani nilikuwa najiona mjanja, kwamba zikiwa pamoja nitazizoa kwa upesi, sitazunguka kuokota moja moja chini ya vitanda vya watu.

Walizipanga vizuri kuliko nilivyosema. Walizilaza safu juu ya safu, shingo zimeelekea njiani, mpaka lundo likafika kifuani kwa mtu, na jua likipiga zile gololi unaona kama macho ya samaki mia nne yanakutazama. Mji ukaja kuangalia. Nami nikapita mtaa kwa mtaa nikieleza kwamba mbunifu ni mimi.

Jumamosi walikuwa bado wanacheza, nikasema niwaache. Jumapili nikaenda na rikwama. Nikakuta lundo limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, juu yake imetandikwa kanga nyekundu mpya, na mama mkuu amekaa mkekani kando kama askari wa boma.

Nikamwamkia, akaitika marahaba. Nikamwambia nimefuata chupa.

"Chupa zipi?"

"Hizo hapo, mama."

"Ah, hizi," akasema, kama ndiyo kwanza azione. "Hizi haziondoki mpaka Manjano wacheze ngoma yao. Tunataka kuona lundo lao litafika wapi."

Nikaanza kumweleza kwa upole, na laiti ningefunga mdomo. Nikamweleza kwamba makasha kumi mengine yako kwenye migahawa ya kahawa na mengine yamepanda treni kwenda bara, kiwandani haikubaki chupa hata moja, na kwamba bila chupa hizi zilizolala hapa Manjano hawatapata soda hata ya kuonja.

Uso wake ukang'aa kama mtu aliyeletewa habari za mjukuu. "Kumbe?" akasema, akageuka kuwaita wenzake. "Njooni msikie haya anayosema kijana."

Nikarudi na rikwama tupu, nayo tupu ni nzito kuliko yenye mzigo, waulize wavutaji.

Jumatatu gurudumu likasimama. Ndimu zimefika, tangawizi imetwangwa, sukari imeyeyuka, mtungi umejaa, na hakuna cha kutilia. Bwana akaja akasimama mlangoni akatazama mapipa ya sharubati, akatazama makasha matupu. "Yakhe," akaniambia, "ile miguu imekwenda wapi?" Nikamjibu kwamba imekanyaga mwiba iliouchonga yenyewe. Hakucheka. Aliniambia sharubati ile itakaa siku tatu, haitakaa nne, kisha akaenda zake kusali.

Mimi si mtu wa kukaa nikashika tama. Nilipakia vibuyu katika rikwama, nikaenda Magomeni, nikaenda Buguruni, nyumba kwa nyumba, kutafuta chupa zetu zilizopotea miaka yote ile. Nilizikuta. Moja ilikuwa na mafuta ya nazi, nyingine mafuta ya taa, nyingine asali, nyingine maji ya kombe, dawa ya mwalimu, ambayo mwenyewe alisema ni ya mume wake aliyesafiri na sharti yasimwagike kabla hajarudi. Kila mtu nilimpa kibuyu ahamishie vyake, na yule wa kombe nilimpa viwili. Jumanne alasiri nilikuwa na kasha moja na nusu. Kasha la ishirini na moja lilikuwa tayari, na nusu ya akiba. Yale ishirini yalikuwa bado yanameta mbele ya baraza ya Wekundu.

Sasa nilipokuwa naingia Kariakoo na zile chupa chache, rikwama ikaingia shimoni, chupa zikagongana, zikalia ngele ngele mtaa mzima. Watu wakatoka milangoni. Kinyozi akasimamisha wembe, na aliyekuwa akinyolewa akageuza kichwa na povu lake. Wote wananitazama mimi. Mbele kidogo palikuwa na lundo la Wekundu, lina siku ya tano pale, na nikaona watu wanalipita kama wanavyopita ukuta. Mbuzi mmoja alikuwa amelala juu ya yale mawe ya chokaa. Nikasimama katikati ya njia nikacheka peke yangu.

Nikamwacha mbuzi, nikamwendea mama mkuu. Nikamuuliza kwa adabu, jana walikuja wangapi kuangalia lundo. Akatafuna tambuu yake. Nikamuuliza, na leo?

"Sema unachotaka kusema," akaniambia.

"Mama, lundo lako limekwisha kuonekana na mtaa huu. Magomeni hawajaliona, Gerezani hawajaliona. Huko kwa Manjano ndiyo hawatakuja kulitazama hata uwalipe. Lakini likiwafuata mlangoni kwao?"

Taya likasimama. Nikaendelea upesi kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Kila mwanachama abebe chupa kwenye sinia kichwani, zumari itangulie, mzunguke soko lote, mpite mtaa wa Manjano polepole, na mlangoni pa kiwanda zihesabiwe kwa sauti mji ukisikia. Nani atakayesema tena kwamba Wekundu walikunywa maji?

Alitema tambuu. Najua alijua ninachotaka. Hakuwa mjinga yule. Lakini nilikuwa nimemwonyesha kitu kikubwa kuliko lundo, na hamu yake ilikuwa kubwa kuliko hasira yake.

"Na wewe utatembea wapi?" akaniuliza.

"Mbele, mama, na rikwama."

"Mbele," akakubali. Akainuka, akaivuta ile kanga nyekundu kutoka juu ya lundo, akanitupia begani. "Na utavaa hii."

Kariakoo nzima ilijua posa yangu iko nyumba gani. Niliitazama ile kanga, nikaifikiria Ijumaa. Kisha nikafikiri kwamba bila chupa Ijumaa haipo, nikaifunga vizuri isianguke.

Jumatano asubuhi tukatoka. Nimeona gwaride la askari wa gavana, nimeona harusi za wenye mali, sijaona kitu kama kile. Wanawake zaidi ya hamsini, sinia vichwani, chupa zimesimama wima na gololi zinacheza ndani kwa kila hatua, hivyo kwamba hata zumari ikipumzika ngoma haikatiki. Wachuuzi wa sokoni waliacha mizani. Mbele ya wote mimi, na kanga nyekundu, navuta rikwama kifua mbele kama ninavuta gari la sultani, maana nimesema kama ni kufa basi nife nimependeza.

Tulipofika mtaa wa Manjano shangazi alikuwa barazani. Alitazama sinia, akatazama kanga, akanitazama mimi kuanzia juu mpaka chini. Akaingia ndani akafunga mlango. Pazia la dirishani likatikisika, nisijue ni kicheko au ni kilio.

Kiwandani zikahesabiwa, mji mzima ukihesabu kwa sauti moja, mpaka mia nne sabini na moja. Tisa zilikuwa zimevunjika. Pamoja na kasha moja na nusu la Magomeni na Buguruni, nilikuwa na za Manjano zote na tatu za ziada. Bwana alitokea mlangoni akaona watu wamejaa mpaka reli, akashika kiuno asijue acheke au aite polisi.

Nikakimbia kwa shangazi kumpa habari njema. Hodi ya tatu ndiyo iliyofunguliwa.

"Umevaa nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeisahau begani. Nikaivua, nikaikunja, nikaificha nyuma, nikamwambia mambo yamekamilika, chupa zimerudi, kesho soda itafika kama tulivyoahidiana.

"Chupa zipi?" Swali lile lile, na sauti kavu kuliko ya mwenzake. "Zile zilizopita hapa asubuhi? Zilizopita mbele ya macho ya mji? Unataka Manjano wanywe makombo ya Wekundu?"

Nikamweleza kwamba chupa zote za soda zimepita midomo ya watu wote, za Wekundu, za Manjano, za polisi na za wagonjwa, ndiyo desturi yake. Nikaona uso unazidi kuharibika, nikanyamaza. Nilisimama pale barazani na kanga nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba embe, naiona Ijumaa yangu inakwenda.

Hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ndogo, lakini kila neno lilisikika. "Shangazi, si tukazioshe wenyewe?"

Hili sitalidai kuwa langu, ingawa mahali pengine nimewahi kulidai.

Shangazi hakugeuka. Aliitazama njia, kisha nikaona pembe ya mdomo inapanda kidogo kidogo. "Tukawaoshe Wekundu midomo," akasema, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Akajipiga paja. "Tukawaoshe midomo yao, mji ukiona."

Adhuhuri haijaadhiniwa, Manjano walikuwa Gerezani. Walikuja na magadi, na mchanga mzuri wa pwani, na brashi za makumbi, na ndimu zilizokamuliwa, na ndoo ambazo sijui zilitoka nyumba ngapi. Kiwanda kilikuwa na waoshaji wawili, na kazi ile ingewachukua siku tatu. Wanawake wale waliketi uani safu mbili, wakaanza kusugua na kuimba. Wimbo waliutunga hapo hapo: tumewaosha midomo, sasa semeni maneno mazuri. Wekundu waliobaki nje ya ua waliusikia, wakaanza kujibu na wao. Kwamba midomo yao ni mitamu hata maji ya kuioshea ni sharubati. Hivyo kumbe kazi yangu ikawa imepata ngoma mbili kwa zamu, na hakuna brashi iliyopumzika, maana aliyenyamaza ndiye aliyeshindwa. Chupa zilitoka pale safi kuliko siku zilipozaliwa.

Bwana alivua kanzu yake akabaki na kikoi, akashika gurudumu mwenyewe. Mimi nilijaza, nikageuza chupa gololi izibe, nikapanga. Msichana yule alikuwa safu ya pili, upande wa ukuta, na kila chupa aliyoiosha aliiinua juani kuangalia kama gololi imo. Sikumsemesha. Nilihakikisha tu kwamba chupa za safu ya pili nazichukua mimi.

Magharibi ilipokaribia tulikuwa tumejaza makasha kumi na sita. Alhamisi baada ya sala ya alfajiri tukamaliza yaliyobaki, na sharubati ikatosha mpaka tone la mwisho. Kabla jua halijafika utosini, makasha ishirini na moja yalikuwa mbele ya baraza ya shangazi, yana tangawizi, yana barafu, na mimi pembeni yake nimevaa kanzu ya kuazima. Kasha lenye chupa za Magomeni nililiweka chini kabisa, likanywewa mwisho, na wapiga zumari. Mmoja wao aliniita kando akaniambia soda yake ina ladha ya nazi, na kama ipo nyingine kama hiyo angependa apelekee watoto.

Ngoma ile ilisikika mpaka Kivukoni. Na lundo? Hawakupanga lundo. Mambo ya lundo yalikwisha kuwa ya zamani, yalikuwa ya juma lililopita. Ijumaa asubuhi Manjano walibeba chupa zao kwenye sinia, zumari mbili badala ya moja, wakazunguka soko mara mbili badala ya moja, wakapita mlangoni kwa mama mkuu wa Wekundu polepole sana, wakazileta kiwandani. Walichukua makasha ishirini na moja. Walirudisha ishirini na matatu. Wanawake wale walikuwa wamepekua makabati ya shangazi zao, ya mawifi zao, ya majirani, kila chupa ya gololi iliyokuwa inakaa na mafuta au dawa imetolewa, imesafishwa na kuletwa, ili tu wasirudishe sawa na walichopewa. Bwana alizitazama zinavyoingia, akaniambia, "Yakhe, miaka minane nauza soda, leo ndiyo kwanza chupa zimerudi nyingi kuliko zilizotoka." Kuanzia siku ile alinifanya mshirika wake, na kuanzia siku ile hakuna ngoma wala harusi ya Kariakoo iliyomalizika bila chupa kurudishwa kwa zumari. Wafanyabiashara wengine walikuwa wakilia na chupa zao. Mimi nilikuwa nazipokea mlangoni.

Baada ya sala ya Ijumaa nikaenda kwa shangazi na wazee wangu. Walikuwa watatu, mmoja ni mjomba wangu kweli, wawili niliwaazima sokoni pamoja na kanzu. Shangazi aliwakaribisha, akawapa kahawa, akawauliza hali, akauliza mvua, akauliza kila kitu isipokuwa kilichotuleta. Kisha akanigeukia.

"Ile kanga umekwisha kuirudisha?"

Nikamwambia kweli, kwamba niliipeleka asubuhi ile, na mama mkuu wa Wekundu amekataa kuipokea. Ameniambia ni zawadi ya bibi harusi.

Mjomba wangu akaanza kukohoa. Nikaitoa kwapani nikaiweka mkekani, nyekundu, katika nyumba ya Manjano. Shangazi aliitazama kama mtu anavyotazama tandu. Pazia likafunguka, mkono ukatoka, ukaichukua kanga, ukarudi ndani. Sisi wote tukalitazama pazia.

"Haya," shangazi akasema mwishoni, akajimiminia kahawa. "Mwenyewe amekwisha pokea. Mimi nitasema nini tena? Wazee, tuzungumze."

Tumezaa watoto watano. Nina kiwanda cha pili, nina gari la injini linalofanya kazi ya rikwama kumi, na chupa zangu sasa siwezi kuzihesabu. Lakini nyumbani kwangu nikinywa soda barazani, chupa haikai mkononi mwangu. Tone la mwisho halijafika kooni, mke wangu amekwisha kuichukua, ameisuuza, ameiinua juani kuangalia gololi, na kuipanga kwenye ungo. Juu ya ungo anafunika ile kanga nyekundu, imepauka sasa, imekuwa na rangi ya tangawizi. Shangazi akija kututembelea huomba ungo ule uhamishiwe uani. Mke wangu humwitikia vizuri, na hauhamishi.